Mlango wa Ndege Ukishafungwa: Sheria ya Shirikisho ya Marekani na Kosa la Kumpapasa Mtu Bila Ridhaa

Tangu Oktoba 2018 kuna ndege inayoruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, safari ya takriban saa 15. Sehemu kubwa ya saa hizo taa huzimwa, abiria hujifunika blanketi, na watu wasiojuana hulala bega kwa bega. Tuseme mama mmoja anakwenda kumtembelea mwanawe New Jersey. Anashtuka usingizini, ndege iko juu ya Atlantiki, na mkono wa jirani yake uko ndani ya paja lake. Haukuteleza hapo kwa bahati mbaya. Ndege imesajiliwa Kenya, jirani ana pasi ya nchi nyingine kabisa, na chini yao ni bahari isiyo na mwenyewe. Ni askari wa nani watakaomngojea mtu huyu mlangoni?

Ni FBI, na kesi itasikilizwa katika mahakama ya shirikisho. Kenya nayo ina haki ya kumshtaki, kwa sababu Mkataba wa Tokyo wa 1963 unaipa nchi iliyosajili ndege mamlaka juu ya makosa yanayotendwa ndani yake. Lakini sheria ya Marekani inajitanua hadi kwenye ndege ya kigeni iliyo nje ya Marekani, mradi kituo chake kinachofuata kiwe Marekani na kweli itue huko. Hesabu inaanza pale milango yote ya nje inapofungwa baada ya abiria kupanda, na inakoma pale mlango mmoja unapofunguliwa ili washuke. Katikati ya milango hiyo miwili, mkono ule uko chini ya sura moja ya sheria ambayo Wamarekani wengi wenyewe hawajawahi kuisikia: Sura ya 109A katika Juzuu ya 18 ya mkusanyo wa sheria zao.

Nimeichagua ndege makusudi, kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kuelewa jambo linalowachanganya watu. Tukisoma habari kwamba fulani "ameshtakiwa Marekani kwa unyanyasaji wa kingono", tunadhani kuna sheria moja ya nchi nzima, kama ilivyo Kanuni ya Adhabu Tanzania Bara au Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kule Kenya. Hakuna. Yule anayempapasa mwenzake kwenye treni ya chini ya ardhi jijini New York anashughulikiwa na sheria za jimbo la New York, na anayefanya hivyo kwenye baa ya Houston, na sheria za Texas. Majimbo 50, sheria 50, na kila moja ina majina yake na vifungo vyake.

Serikali ya shirikisho haina mamlaka ya jumla ya kupambana na uhalifu. Katiba haikuipa, na Mahakama ya Juu huikumbusha kila inapojisahau. Kesi ya Morrison ya mwaka 2000 ni mfano mzuri. Mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Virginia alidai kubakwa na wanamichezo wawili, akafungua kesi ya madai kwa kutumia sheria ya 1994 ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, iliyomruhusu aliyetendewa kumdai fidia mtendaji katika mahakama ya shirikisho. Majaji 5 dhidi ya 4 wakakitupa kifungu hicho. Walisema ukatili wa aina hii si biashara kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo Kongresi haikuwa na pa kushikia. Unaweza kuuona uamuzi huo kuwa wa baridi, nami nauona hivyo, lakini ndio unaoeleza kwa nini kila kosa la shirikisho la aina hii huanza na swali la mahali kabla ya kufika kwenye swali la nani alimfanya nani nini.

Mahali penyewe ni pengi kuliko mtu anavyodhani: kambi za jeshi zilizo kwenye ardhi ya shirikisho, baadhi ya hifadhi za taifa, magereza ya shirikisho, meli za Marekani baharini, hata meli ya kigeni ya watalii iliyopangiwa kutoka au kufika bandari ya Marekani endapo mtendaji au mtendewa ni Mmarekani. Kuna ardhi za wenyeji asilia, ambazo nitazirudia. Kuna pia majengo ya balozi na ya kijeshi ya Marekani katika nchi nyingine, pamoja na nyumba wanamokaa watumishi wake. Hapo pia lazima mmoja wa wahusika awe Mmarekani. Kwa hiyo nyumba ya ofisa wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam au Nairobi iko, kwa makosa haya, ndani ya mkono wa mwendesha mashtaka wa Washington. Hili si jambo la vitabuni tu. Mwaka 2024 mtumishi wa zamani wa CIA alihukumiwa miaka 30 kwa mambo aliyowafanyia wanawake waliokuwa wamepoteza fahamu, mengine yakiwa yametendeka katika nyumba aliyopewa na ubalozi jijini Mexico City.

Tukishajua kwamba tuko mahali penyewe, sheria inauliza: je, hili ni tendo la ngono au ni mguso?

Kabla ya 1986 swali hilo halikuwa na maana sana. Sheria ya zamani ya shirikisho ilitaja ubakaji kwa neno moja bila kulifafanua, ikaacha mahakama zikope maana kutoka mapokeo ya Kiingereza: mwanamume, mwanamke asiye mkewe, nguvu. Sura ya 109A ya 1986 ilifuta lugha hiyo. Mtendaji anaweza kuwa wa jinsia yoyote, mtendewa vilevile, na ndoa haikuwa tena kinga ya mume anayemlazimisha mkewe. Badala ya neno moja zikaja ngazi mbili.

Ngazi ya juu ni tendo la ngono. Humo mna kuingiliwa, hata kidogo kiasi gani, matendo ya mdomo, na kuingizwa kidole au kitu kwa nia ya kudhalilisha au ya kujiridhisha. Ngazi ya chini ndiyo inayotuhusu zaidi, mguso wa kingono, na hapa inafaa kusoma polepole. Ni kugusa kwa kukusudia, iwe ngozi kwa ngozi au juu ya nguo, sehemu za siri, njia ya haja kubwa, kinena, matiti, sehemu ya ndani ya paja, au makalio ya mtu yeyote, kwa nia ya kumdhuru, kumfedhehesha, kumsumbua, kumdhalilisha, au kuamsha au kutimiza tamaa ya mtu yeyote.

Sehemu sita zimetajwa, basi. Midomo haimo. Anayemvuta mwenzake akambusu kwa nguvu ndani ya ndege hajatenda kosa hili. Ametenda shambulio la kawaida, ambalo kifungo chake hakizidi miezi sita. Bega halimo, nywele hazimo, mgongo haumo. Paja lenyewe limegawanywa: juu ya goti kwa nje ni jambo moja, ndani ni jingine, na ndiyo maana mawakili katika kesi hizi hupoteza dakika nyingi wakimuuliza shahidi aonyeshe mkono ulifika wapi hasa. Kwa shahidi ni mateso ya pili, lakini mpaka wa kosa umechorwa kwenye mwili wake, na mahakama haina pengine pa kuupimia.

Nguo hazimwokoi mshtakiwa. Wala kusema "nilikuwa natania" hakumsaidii sana, kwa sababu nia inayotakiwa si tamaa peke yake. Mwanajeshi anayemminya mwenzake matako mbele ya kikosi ili wamcheke huenda hana ashiki yoyote, lakini kama nia ilikuwa kumfedhehesha, hiyo inatosha. Nia hiyohiyo ndiyo inayowaacha nje daktari anayepima uvimbe kwenye titi, na ofisa wa uwanja wa ndege anayekukagua kwa mikono kama kazi yake inavyomtaka. Mguso ni uleule, nia haipo. Na ikiwepo, sare haimlindi.

Kuhusu watoto kuna tofauti moja ambayo wengi huikosa. Kumgusa aliye chini ya miaka 16 sehemu za siri moja kwa moja, bila nguo katikati, kwa nia mojawapo ya hizo, hakuhesabiwi tena kuwa mguso. Sheria inakupandisha hadi ngazi ya tendo la ngono.

Sasa kuhusu adhabu. Kifungu cha 2244, kinachoadhibu mguso, kina ujanja wa kiuandishi. Hakijitungii aina zake chenyewe. Kinauliza: kama mguso huu ungekuwa tendo kamili la ngono, ungeangukia kifungu gani cha makosa makubwa? Kisha kinatoa adhabu kulingana na jibu. Kama mtendaji alitumia nguvu, alitishia kuua, kujeruhi vibaya au kuteka, au alimlewesha mtu kwa dawa au kumzimisha, tendo kamili lingemletea hadi kifungo cha maisha. Mguso tu unamletea hadi miaka 10. Kama alimtisha kwa hofu ndogo kuliko hizo, kwa mfano kumwambia atamharibia kazi, au mtendewa hakuwa na uwezo wa kuelewa kinachoendelea wala wa kukataa, tendo kamili bado linaweza kufika kifungo cha maisha, lakini mguso hauzidi miaka 3. Mguso kwa kijana wa miaka 12 hadi 15, ambaye mtendaji amemzidi kwa angalau miaka 4, ni hadi miaka 2, na kwa mahabusu au mfungwa aliye chini ya mamlaka ya mtendaji ni miaka 2 vilevile. Mtoto akiwa chini ya miaka 12, viwango vya juu vya vifungo hivyo vinazidishwa mara mbili, na chini ya aya nyingine ya kifungu hicho kifungo kinaweza kuwa cha maisha hata kwa mguso pekee.

Kisha kuna aya fupi, 2244(b), ambayo ndiyo kazi yangu hasa leo. Inasema kwamba yeyote anayemgusa mwingine kingono kwa kujua, bila ruhusa ya huyo mwingine, atapigwa faini au kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili. Hakuna nguvu wala kitisho wala dawa inayotakiwa. Ukosefu wa ruhusa ndio kosa zima. Mama yetu wa Atlantiki yuko hapa.

Linganisha na ngazi ya juu, utaona kitu cha ajabu. Tangu 1986 kosa dogo lilitosheka na kukosekana kwa ruhusa, lakini kosa kubwa, lile la kumwingilia mtu, halikutosheka hivyo. Mwendesha mashtaka alipaswa kuonyesha nguvu, kitisho, dawa, au kutojiweza. Mtu mzima mwenye akili timamu aliyesema hapana, akaganda kwa hofu bila kutishwa wala kushikwa, alikuwa na ulinzi ulio wazi zaidi dhidi ya kupapaswa kuliko dhidi ya kubakwa. Hali hiyo ilidumu miaka 36. Machi 2022, sheria ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake ilipohuishwa, ndipo kifungu cha 2242, kile cha hofu ndogo na cha kutojiweza, kikaongezewa aya ya tatu: kutenda tendo la ngono na mtu bila ridhaa yake, ikiwa ni pamoja na kwa kumshurutisha. Kifungo: idadi yoyote ya miaka, hadi maisha.

Marekebisho hayo yameleta fundo jipya. Kwa kuwa mguso unapimwa kwa kioo cha tendo kamili, na sasa tendo kamili bila ridhaa ni kosa chini ya 2242, mguso uleule bila ridhaa unaonekana kuingia kwenye aya mbili kwa pamoja: ile ya miaka 3 na ile ya miaka 2. Kwa kusoma maneno yalivyo, mwendesha mashtaka anaweza kuchagua. Sidhani kama waandishi wa 2022 walikusudia hivyo. Naona walikuwa wakiziba tundu la juu, wakasahau kwamba chini yake kuna bomba.

Na maneno yenyewe ni mawili. Aya ya zamani ina neno la ruhusa, aya mpya ina neno la ridhaa. Msemaji wa Kiswahili anaisikia tofauti yake bila kufundishwa. Ruhusa huombwa, na hutolewa na mwenye kitu. Ridhaa ni kuridhika kwa mtu mwenyewe, na mtu anaweza kusema "haya, fanya" huku moyo wake uko mbali na ridhaa. Sura ya 109A haikufafanua neno lolote kati ya hayo mawili. Sheria ya kijeshi ya Marekani imefafanua ridhaa kwa urefu katika Ibara yake ya 120, na Kenya ilifanya hivyo mwaka 2006 kwa sentensi moja katika kifungu cha 42: mtu ameridhia anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kufanya uchaguzi huo. Sheria ya kiraia ya shirikisho imeliacha pengo hilo kwa majaji na baraza la wazee wa mahakama, watu 12 waliookotwa mtaani, kila mmoja na malezi yake.

Basi je, mshtakiwa akisema, "Mimi nilidhani anakubali"? Swali hili lilijibiwa mwaka 2020 na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, yenye makao San Francisco, katika kesi iliyotokea, kama ulivyokwisha kukisia, ndani ya ndege. Safari ilikuwa kutoka Tokyo kwenda Los Angeles. Msichana mwanafunzi wa Kijapani alilala, akazinduka mwanamume wa kiti cha jirani anamgusa. Alijisogeza, akajifunika blanketi, lakini mkono ukaendelea mpaka ndani ya nguo. Mwishowe alijinasua akawaambia wahudumu. Mwanamume yule, baada ya kuhamishwa kiti, aliandika kikaratasi cha kumshauri msichana kwamba mwanamume akikugusa nawe hutaki, sema hapana. Kikaratasi hicho nacho kilifika mahakamani.

Wakili wake alijenga hoja kwenye neno "kwa kujua". Sheria inasema mtu amguse mwingine kwa kujua, bila ruhusa. Basi, alidai, serikali ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua pia kuwa ruhusa haikuwepo. Mahakama ilikataa. Kujua kunahusu kule kugusa, ilisema. Serikali ithibitishe kwamba mkono ulikwenda kwa kukusudia na kwa nia iliyotajwa, na ithibitishe kwamba ruhusa kweli haikutolewa. Haihitaji kuingia kichwani mwa mshtakiwa kuona alifikiri nini kuhusu ruhusa hiyo. Mzigo wa kuhakikisha uko kwa anayegusa. Wapo wanasheria wasioridhika na usomaji huo, kwa sababu kanuni ya kawaida ya jinai ni kwamba ujuzi hutakiwa kwa kila kiungo kinachomfanya mtu awe mkosaji, na hoja yao si ya kubeza. Ila fikiria upande wa pili: kama dhana ya anayegusa ingetosha, aliyelala usingizi mzito angekuwa ndiye rahisi kuliko wote kudhaniwa kuwa amekubali.

Kiwango cha juu cha adhabu kilichoandikwa kwenye sheria si kile mtu anachopata. Majaji wa shirikisho wana mwongozo wa adhabu, ambao tangu 2005 ni wa ushauri, lakini bado wanaanza hesabu hapo. Mguso wa aina ya chini kabisa, ule wa kukosa ruhusa tu, kwa mtu asiye na makosa ya nyuma na kabla ya kuongeza au kupunguza chochote, unaanzia miezi 10 hadi 16. Ule wa kitisho kidogo au wa mtu asiyejiweza unaanzia miezi 21 hadi 27, na ule wa nguvu miezi 33 hadi 41. Parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, hakuna; ilifutwa kwa makosa ya shirikisho yaliyotendwa tangu Novemba 1987. Mwenye kifungo cha zaidi ya mwaka anaweza kupunguziwa hadi siku 54 kwa mwaka kwa tabia njema, na mwenye miezi 10 anaimaliza yote. Mazungumzo ya kukiri kosa dogo yapo pia, na kesi iliyoanza kama mguso wa kingono inaweza kuishia kwenye shambulio la kawaida.

Uzito hasa unakuja baada ya gereza. Kosa lolote chini ya kifungu cha 2244, hata lile la miaka 2, linafuatwa na uangalizi wa mahakama usiopungua miaka 5, unaoweza kuwa wa maisha. Yaani mtu anaweza kufungwa miezi 10 kisha akaripoti kwa ofisa, akaomba kibali cha kusafiri na kukaguliwa kompyuta yake kwa miaka mingi kuliko aliyokaa ndani. Jina lake linaingia kwenye daftari la wakosaji wa kingono, kuanzia miaka 15 na kuendelea kulingana na kosa. Asiye raia anaweza kufukuzwa nchini, hata kama ana watoto waliozaliwa Ohio. Faini inaweza kufika dola 250,000. Fidia kwa mtendewa, ya matibabu, ushauri nasaha, nauli na kipato alichopoteza, si hiari ya jaji; lazima iamriwe.

Halafu hakuna ukomo wa muda. Makosa mengi ya shirikisho hufa baada ya miaka 5 bila mashtaka, lakini tangu 2006 kosa lolote la Sura ya 109A lenye kifungo cha zaidi ya mwaka halifi. Kosa la miaka 2 lililotendwa leo linaweza kushtakiwa mwaka 2060. Kwenye ushahidi nako kuna upekee: kanuni za mahakama za shirikisho zinazuia kwa kiasi kikubwa kuchimbua maisha ya kimapenzi ya mlalamikaji, huku zikiruhusu kuletwa kwa matendo ya nyuma ya mshtakiwa yanayofanana na hili. Kwa wizi au utapeli ushahidi wa aina hiyo ya pili kwa kawaida hukataliwa.

Mahali ambapo ridhaa haiulizwi kabisa ni gerezani. Mlinzi, tabibu, mwalimu, yeyote mwenye mamlaka juu ya mfungwa wa shirikisho, hawezi kujitetea kwamba mfungwa alitaka. Sababu haihitaji mwanasheria: anayeshika funguo, barua, chakula na tarehe ya kutoka hawezi kupewa ridhaa iliyo huru. Gereza la wanawake la Dublin, California, limeacha alama mbaya katika historia hii. Mkuu wa gereza mwenyewe alikutwa na hatia Desemba 2022, kwa makosa nane yakiwemo ya mguso, akahukumiwa miezi 70. Watumishi wenzake kadhaa walikutwa na hatia pia, hata kasisi wa gereza. Gereza lilifungwa Aprili 2024, na mwishoni mwa mwaka huo serikali ikakubali kulipa takriban dola milioni 116 kwa wanawake 103. Angalia uwiano, lakini: kwa kila mguso, kifungo cha juu ni miaka 2. Miezi 70 haikutokana na mguso mmoja.

Hadi 2022 ulinzi huo haukuwafikia waliokamatwa tu na ofisa wa shirikisho, barabarani au ndani ya gari, kabla ya kuingizwa popote. Ofisa aliweza kusema mtuhumiwa aliridhia, na mlalamikaji akabaki kubishana akiwa na pingu katika kumbukumbu zake. Marekebisho ya mwaka huo yalimwongeza aliyekamatwa, anayezuiliwa na aliye chini ya uangalizi.

Na wenyeji asilia. Kwao sheria hii ndiyo sheria ya kila siku, kwa kuwa katika sehemu kubwa ya ardhi zao, isipokuwa katika majimbo yaliyopewa mamlaka hayo na Kongresi mwaka 1953 na baadaye, makosa makubwa yanayotendwa na mwenyeji yamekuwa mikononi mwa shirikisho tangu 1885. Taifa la Navajo, linalovuka Arizona, New Mexico na Utah, lina polisi na mahakama zake, lakini mguso wa kingono bila ruhusa uliotokea nyumbani kwa shangazi unaweza kumpeleka mtu mbele ya jaji wa shirikisho mjini, safari ya saa kadhaa. Mgeni asiye mwenyeji alikuwa na bahati zaidi: mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za makabila haziwezi kumshtaki kwa jinai hata kidogo, na kama mwendesha mashtaka wa shirikisho aliye mbali hakuona faida ya kufungua faili, mambo yaliishia hapo. Mwaka 2013 Kongresi ililegeza kwa ukatili wa majumbani, na 2022 ikaongeza ukatili wa kingono. Kwa makabila yaliyotimiza masharti, mgeni sasa anaweza kusimama mbele ya jaji wa kabila.

Turudi kwenye kiti cha dirishani. FBI ilisema imepokea taarifa 38 za matukio ya namna hii ndani ya ndege katika mwaka wa fedha 2014, na 63 mwaka 2017. Na hizo ni zilizotolewa tu, kwa kuwa wengi hushuka kimya wakajikaza. Ushauri wao ni wa vitendo: mwambie mhudumu papo hapo, omba kuhamishwa kiti, omba tukio liandikwe, na omba rubani aarifu chini kabla ya kutua, ili maofisa wawe wamesimama pale ndege inaposimama. Kadiri ndege inavyotua na abiria 200 kutawanyika kutafuta mizigo, mashahidi wanayeyuka.

Mlango ukifunguliwa JFK, uwanja wa ndege wa New York, saa ya shirikisho inakoma. Mwanamume yuleyule akimshika mama yuleyule vilevile hatua 10 mbele, kwenye ujia wa kuingilia uwanjani, huo ni mtaa wa Queens na sheria ni ya jimbo la New York, ambako kushika kwa nguvu sehemu za siri za mtu ni kosa dogo la kifungo kisichozidi siku 364.